Deni la Ng'ambo ya Sirari

Kuna swali ambalo nimetembea nalo kwa miaka mingi, na kwa kuwa umri wangu umekwisha kuvuka sabini, naona afadhali niliandike. Mtu akikuzoea, akaipanga riziki yake kwa kukutegemea wewe, je, unayo haki ya kumfungia mlango siku utakapokasirika?

Wachumi hulisema jambo hili kwa lugha yao. Husema kwamba nchi isiwe na mnunuzi mmoja wala njia moja, isimtegemee mshirika asiyeaminika, na iungane na majirani zake. Maneno hayo ni sahihi, nami siyapingi. Ila nimegundua, ndugu msomaji, kwamba anayeyasema daima ni yule anayeogopa kufungiwa. Sijapata kusikia nchi ikijiuliza hadharani iwapo yenyewe ndiyo mshirika asiyeaminika. Mimi nililazimika kujiuliza hivyo mwezi Desemba mwaka 1985, nikiwa nimeketi kwenye kigoda katika nyumba ya mtu mjini Migori, nchini Kenya, na fedha za baba yangu zikiwa mfukoni.

Nieleze nilivyofika huko.

Katika miaka ya sabini tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Huu wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Gulio letu la Binza lilikuwa na mgeni wake mmoja wa kudumu. Alikuwa Mjaluo wa upande wa Kenya, mtu mrefu, mpole, mwenye koti la kijivu asilolivua hata jua likiwa la utosi. Jina lake nalihifadhi. Alileta blanketi, sufuria, sabuni za mche, tochi, vipuri vya baiskeli, na mara chache baiskeli nzima. Kilichomfanya apendwe si bei zake, bali kuijua kwake kalenda ya mkulima wa pamba. Alifahamu kwamba sisi hupanda mwezi Novemba na Desemba, huvuna kuanzia Mei na Juni, na fedha huonekana baada ya hapo, pengine baada ya hapo sana. Kwa hiyo aliuza kwa mkopo. Aliandika jina, kitu na kiasi katika daftari la shule lenye jalada la bluu, akasema, "Tutaonana pamba ikiuzwa," akaenda zake. Hakuna aliyetia sahihi.

Mwaka 1976 baba yangu alichukua kwake blanketi nne na baiskeli. Jumla ilikuwa shilingi 480, kiasi ambacho siku zile kilitosha kununua mtamba mzuri mnadani. Msimu huo malipo ya pamba yalichelewa. Yalipofika, mwaka mpya ulikuwa umeanza, na kabla bwana yule hajaja kukusanya chake, Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa.

Nilikuwa kijana wa miaka 27, si muda mrefu tangu nitoke Chuo cha Ualimu Butimba. Nilifundisha shule ya msingi, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa siasa. Nilijua kuuchora ubepari ubaoni kwa chaki za rangi. Siku hizo Wakenya tuliwaita manyang'au, nao hawakukosa ya kutuita sisi. Jioni moja nilimkuta baba akihesabu noti na kuzitia ndani ya kopo la majani ya chai. Nikamwambia, "Baba, deni hilo limekwisha. Serikali imefunga mpaka. Hizo ni fedha za manyang'au."

Hakunitazama. Aliuliza tu, "Mwanangu, blanketi ulilojifunika jana usiku ni la nani?"

Kopo likapandishwa juu ya boriti, likakaa huko karibu miaka saba. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanaikumbuka miaka hiyo: vita vya Kagera, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, shati moja la kuendea kazini na kanisani. Wenye majina katika daftari la bluu walikuwa wengi hapa kijijini, nao walilizungumza jambo hilo kwa kicheko pale kwenye pombe. Walisema Serikali imewalipia madeni. Nami nilicheka pamoja nao.

Novemba 1983 mpaka ulifunguliwa. Baba alishusha kopo, akahesabu. Noti zilikuwa zile zile, shilingi 480, lakini zilikuwa hazitoshi tena kununua hata mbuzi wa maana. Kwa hesabu zangu za kialimu nikasema deni lilikuwa 480 na 480 ndizo hizi, hakuna atakayelaumu. Baba, ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja, akasema, "Nilichukua thamani ya mtamba. Nitarudisha mtamba." Nakiri kwamba hadi leo sijamsikia mtaalamu aliyeeleza kushuka kwa thamani ya fedha kwa maneno machache kuliko hayo. Tulimngoja bwana yule mwaka mzima wa 1984. Hakuja. Mwaka uliofuata baba akauza mtamba mnadani, akaniagiza nimtafute.

Wakati wa likizo ya Desemba nilipanda lori mpaka Bariadi, jingine mpaka Lamadi, kisha basi la kwenda Musoma, na kutoka huko Tarime hadi Sirari. Mpakani nilibadilisha fedha kichochoroni, jambo lililokatazwa na sheria na ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelikemea mbele ya wanafunzi. Tuliache hilo.

Kumpata hakukuwa vigumu. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita, na koti lilikuwa lile lile. Alinikaribisha samaki na ugali wa mtama, akanisikiliza, akazipokea fedha kwa mikono miwili. Kisha akanieleza kwamba siku mpaka ulipofungwa, mali yake iliyokuwa katika chumba cha kupanga mjini Mwanza, pamoja na madeni ya magulio matano, vyote vilibaki huku kwetu. Naye alikuwa amekopa bidhaa kwa tajiri mmoja wa Kisumu. Aliuza kipande cha shamba alichorithi ili kumlipa. "Kwa nini mlifunga?" aliniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilimweleza juu ya ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki zilizobaki Nairobi, juu ya viwanda vilivyojazana upande mmoja, juu ya fedha za mashirika ya pamoja zilizokwama. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mbele ya darasa la saba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikuwa na ndege."

Sitaki msomaji adhani kwamba nilimdanganya mzee yule. Niliyomwambia yalikuwa na ukweli wake. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala mwezi Juni 1967, na mwezi Desemba Jumuiya ikaanza kazi, makao makuu yakiwa Arusha. Tulikuwa na reli moja, bandari moja, posta moja, shirika moja la ndege. Lakini Kenya ilikuwa na viwanda vingi kupita sisi tangu enzi za ukoloni, na tulinunua kwao kuliko walivyonunua kwetu. Kodi maalumu iliyowekwa ili kulinda viwanda vya wanyonge haikutosha kusawazisha mizani. Mwaka 1971 Idi Amin akatwaa madaraka Uganda, Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na tangu hapo mkutano wa marais watatu haukufanyika tena. Nyumba isiyo na kikao hubomoka kimya kimya. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege lilikufa, ndege nyingi zikiwa Nairobi, Kenya ikaanzisha shirika lake, nasi tukafunga mpaka na kuzuia magari ya Kenya yaliyokuwa upande wetu.

Hivyo tulikuwa na sababu, na nyingine zilikuwa nzito. Mali za Jumuiya ziligawanywa baadaye chini ya mpatanishi kutoka Uswisi, Dk. Victor Umbricht, na makubaliano yakatiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984. Injini za treni zilihesabiwa, meli zikahesabiwa, majengo yakahesabiwa. Daftari la bluu halikuwamo katika hesabu hiyo, na sidhani kama kuna aliyelikumbuka.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba hatukuwa wageni wa somo hili. Tulilifahamu kuliko wengi. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilijikuta sehemu kubwa ya shaba yake inapita katika mlango wa adui. Januari 1973 Ian Smith alifunga mpaka ule ili kuwaadhibu Wazambia kwa kuwasaidia wapigania uhuru. Alipojuta na kutaka kuufungua baada ya wiki chache, Rais Kaunda alikataa, na nchi yake ikaubeba mzigo huo kwa gharama kubwa hadi 1978, ilipobidi afungue ili kupata mbolea. Katika shida hiyo ni sisi tuliokuwa mlango wa pili. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam lilimalizika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa Wachina usio na riba na kukabidhiwa Julai 1976. Wanafunzi wangu waliimba juu ya reli ile. Nilichora ramani yake ukutani mwa darasa, na nilikuwa na haki ya kujivuna.

Sasa hesabu miezi, msomaji. Kutoka Julai 1976 hadi Februari 1977 ni miezi saba. Katika miezi saba taifa lile lile, lenye viongozi wale wale waadilifu, lilimfungulia jirani mmoja njia na kumfungia mwingine. Kwa Mzambia sisi tulikuwa mwokozi. Kwa mzee wa Migori hatukuwa na tofauti na Smith, kwa kuwa yeye aliiona komeo tu. Sababu zilizokuwa nyuma yake hakuzijua wala hazikumhusu. Najua ulinganisho huu utawaudhi baadhi ya wazee wenzangu. Uliniudhi mimi kwanza. Smith alifunga ili kulinda dhuluma, nasi tulifunga tukiamini tumedhulumiwa, na tofauti hiyo ni kubwa sana mbele ya historia. Mbele ya mtu aliyeuza shamba lake haionekani.

Tangu hapo nimejifunza kutolitumia ovyo neno "mshirika mbaya". Tarehe 1 Aprili 1980, mjini Lusaka, nchi tisa za kusini, nasi tukiwamo, ziliunda umoja wa SADCC ili zipunguze kuitegemea Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1994 Afrika Kusini hiyo hiyo, ikiwa imeshika njia nyingine chini ya Mandela, iliingia katika umoja huo uliokuwa umeundwa kuikwepa. Reli na bandari zake zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni watu waliokuwa na ufunguo.

Nitoe mfano wa nyumbani. Mbuga zetu nyeusi za huku huzaa dengu na choroko baada ya mvua kupungua, na mnunuzi wetu mkubwa wa mazao ya jamii ya kunde amekuwa India. Wakati nchi hiyo ilipokuwa na upungufu bei zilipanda, tukalima kwa nguvu. Kisha wakulima wao walipata mavuno makubwa. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, Desemba ikatoza dengu ushuru wa asilimia 30, na Machi 2018 ushuru huo ukafika asilimia 60. Mimi mstaafu nilikuwa na magunia yangu stoo, nikaja kuyauza kwa bei ya kusikitisha. Nilikasirika kwa siku kadhaa. Halafu nikajiuliza: Serikali ya India ilikosa nini? Ilimtazama mkulima wake. Haikutuchukia, haikutujua. Nasi mwaka 1977 hatukumchukia mzee wa Migori. Hatukumwona tu.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na wachumi. Wao wanasema dawa ni kupunguza kumtegemea mtu mwingine. Mimi naona kutegemeana hakuna budi. Hata mzee wa zamani aliyejilimia kila kitu alimhitaji mhunzi wa jembe. Ninachoona ni kwamba anayekubali kutegemewa amejitwisha deni, hata kama hakutia sahihi popote. Mzee yule alipotukopesha msimu baada ya msimu, tulimzoesha kuamini kwamba tupo. Ukimzoesha mtu hivyo, huwezi kuondoka kama aliyekuwa anapita njia. Unaweza kuondoka, ndiyo, wakati mwingine ni lazima. Lakini sharti umpe muda wa kukusanya vyake.

Ndiyo maana kifungu ninachokipenda katika mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ni kile kinachohusu kujitoa, ingawa wanasiasa hukitaja mara chache. Kinasema nchi haiwezi kutoka ila Bunge lake liamue kwa theluthi mbili, na itoe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Watu husoma mikataba ya ndoa kwa ajili ya harusi; mimi husoma jinsi wanavyoachana. Miezi 12 ingemtosha mtu wa koti la kijivu kuzunguka magulio yote matano na daftari lake, msimu mzima wa pamba, na kurudi kwao akiwa mtu mzima mbele ya watoto wake.

Lakini nisiipambe karatasi kupita kiasi. Nchi zilizokuwa tatu sasa ni nane, Somalia ikiwa ya mwisho kuingia, mwaka 2024, na tabia ya zamani bado ingali hai. Mwaka 2017 hapa kwetu vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakasimama mpakani, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti. Afya ya walaji ni jambo la haki. Kufunga kwa siku moja, bila kumwonya mwenye lori, ni jambo jingine. Na shinikizo linapotoka mbali hatuna uvumilivu wa kusimama pamoja. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya walikubaliana kuachana na nguo za mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipate soko. Kwa sisi tunaolima pamba, na kuiona ikisafirishwa nje kama nyuzi huku tukivaa mashati yaliyovaliwa na wengine, ilikuwa habari njema. Marekani ikatishia kuziondoa nchi hizo katika mpango wake wa AGOA. Kenya ikajitoa katika azimio, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, ikabaki Rwanda, ambayo mwaka 2018 nguo zake zilinyimwa msamaha wa ushuru huko. Kila mmoja alihesabu hasara yake akiwa peke yake. Sijui kama ningekuwa rais ningefanya vingine, lakini najua kwamba Rwanda siku ile ilijifunza kitu juu yetu, kama mzee wa Migori alivyojifunza.

Narudi kwake, maana kuna kitu sijakisema.

Alipokwisha kuzipokea fedha aliingia chumba cha ndani, akatoka na daftari. Jalada la bluu lilikuwa limepauka. Akafungua ukurasa wa Binza, akachukua kalamu ya risasi, akapiga mstari juu ya jina la baba. Akaniambia kwamba baba alikuwa mtu wa pili kulipa katika magulio yote. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mjane wa upande wa Tarime. Nikamwuliza kama atarudi kuuza kwetu, kwa kuwa mpaka sasa uko wazi. Akacheka kidogo, akasema mwanawe anapeleka bidhaa Uganda, na hata huko hakopeshi mtu.

Ukurasa ulikuwa wazi mbele yangu kwa muda wa kutosha. Yalikuwamo majina kumi na saba ambayo hayakupigwa mstari. La baba yangu mdogo lilikuwapo, la mwenyekiti wetu wa kitongoji lilikuwapo, na la mwalimu mwenzangu ambaye nilikuwa nikinywa naye chai kila siku saa nne. Mzee hakuniomba niwakumbushe. Alilifunga daftari, akanisindikiza mpaka kituo cha basi.

Nilipofika Binza nilimkuta baba amekaa nje akichambua kamba za katani. Aliuliza kama yule bwana ni mzima, kama amekula fedha ile kwa furaha, kama atarudi gulioni. Nilimjibu kwamba ni mzima, na kwamba hatarudi. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama katika daftari kulikuwa na majina mengine ya hapa kwetu.

Nikamwambia sikuangalia.